Kitenzi Chana na Kiswahili cha Ludara: Historia ya Neno la Nyumbani katika Lugha ya Kambini

Swali lililoanzia uani

Ludara ni kaunti ndogo ya wilaya ya Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda ambako mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana. Wenyeji wake wengi ni Wakakwa. Kusini kwao wako Walugbara na mashariki Waaringa. Hakuna hata lugha moja kati ya hizi iliyo ya Kibantu: Kikakwa ni ndugu wa Kibari katika kundi la Kiniloti cha Mashariki, nazo Kilugbara na Kiaringa ni za kundi la Kisudani cha Kati. Hata hivyo Kiswahili kimesikika huku kwa takriban miaka mia moja, na mtu akisema kwamba West Nile ni mojawapo ya maeneo ya Uganda ambako Kiswahili kilitangulia kuzoeleka, atakuwa amesema kweli.

Alasiri moja nilikaa uani kwa bibi mmoja wa Ludara aliyekuwa akimchana nywele mjukuu wake. Binti alikuwa katika kidato cha kwanza, na kesho yake alikuwa na zoezi la Kiswahili. Nilimwuliza bibi kama anakijua Kiswahili, akasema hakijui. Baada ya muda, mikono yake ikiendelea na kazi, akaanza kuyataja maneno ambayo hata hivyo alikuwa nayo: simama, kaa chini, fungua, leta, twende, kodi. Aliyataja mojamoja, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyosahauliwa nyumbani kwake na wapita njia. Nilipomwuliza kazi aliyokuwa akiifanya wakati huo inaitwaje kwa Kiswahili, alicheka akasema kwamba askari hawakuja kuwachana watu nywele.

Makala haya yanalichukua jibu hilo kama dai la kihistoria na kulipima. Yanafuata kitenzi kimoja, chana, tangu asili yake ya Kibantu, kupitia lahaja za pwani na kamati iliyosanifisha lugha, hadi kwenye mlango wa nyumba ya Ludara ambao hakikuupita. Kitenzi cha Kikakwa chenye maana hiyo kinastahili utafiti wake na mwenyeji wake. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kilichoenezwa West Nile kilichujwa na njia kilizopitia, kikafika bila msamiati wa nyumbani. Na kwamba sera ya sasa ya lugha nchini Uganda, isipoliona pengo hilo, itajenga juu yake.

Asili ya kitenzi

Chana ni kitenzi cha Kibantu. Ushahidi mwepesi kuliko wote unapatikana kwa kukiweka kando ya kitenzi kingine ambacho hakuna anayekitilia shaka, nacho ni cheka. Kiswahili kinasema cheka, Kiganda kinasema seka, Kilingala kinasema koseka. Mahali penye ch ya Kiswahili, lugha hizo mbili zina s. Sasa tutazame nywele. Kiswahili kina chana, Kiganda kina okusanirira, na kitana kwa Kiganda ni ekisanirizo. Kilingala kina kosanola, na kitana ni lisanola. Ulinganifu ni uleule. Lugha ya pwani ya Bahari ya Hindi, lugha ya kando ya Ziwa Viktoria na lugha ya Mto Kongo zimelirithi umbo hili, kila moja ikalivisha sauti zake.

Kilingala kinatufundisha jambo la ziada. Kiambishi -ol- cha kosanola ndicho kilichokuwa -ul- katika Kiswahili cha kale kabla l haijadondoka na kutuachia -ua, kama tunavyokiona katika fungua na pasua. Kwa hiyo ndugu wa karibu zaidi wa kosanola ni chanua kuliko chana. Leo chanua tunaitumia zaidi kwa maua: mti umechanua, yaani umefungua vilivyokuwa vimefumbwa. Lakini jina la kifaa, chanuo, ambalo wengine hulitamka shanuo, linatokana na chanua, na ni ushahidi kwamba chanua nayo iliwahi kufanya kazi ya nywele. Ua likaichukua chanua, nywele zikabaki na chana, na kifaa kikabaki na kumbukumbu ya mpangilio wa zamani. Mwanahistoria hujifunza kuviamini vifaa kwa sababu hii hasa: jina la chombo hubadilika polepole kuliko jina la kazi inayofanywa nacho.

Si kila mfanano ni urithi. Kikikuyu kinasema canũra, na kitana ni gĩcanũri. Kwa haraka mtu angeviingiza katika orodha hiyohiyo. Lakini Kikikuyu hakisemi ceka, kinasema theka. Mchanga kwa Kikikuyu ni mũthanga. Mahali penye ch ya Kiswahili katika maneno ya urithi, Kikikuyu huwa na th, kwa hiyo neno la urithi lingetarajiwa kuanza na th. Kuwapo kwa c ni dalili ya mkopo: neno lilipanda kutoka pwani, na nadhani lilipanda pamoja na kifaa, kama mizigo mingine midogo ya misafara. Tofauti hii kati ya neno lililorithiwa na neno lililobebwa tutaihitaji tena tutakapofika Koboko.

Maana ya msingi ya kitenzi chenyewe si nywele. Ni kugawa kitu chenye nyuzi kwa kufuata uelekeo wa nyuzi zake. Mwanamke wa pwani huchana ukindu kabla ya kusuka mkeka, na kila ukanda mwembamba anaoupata ni chane. Mkungu wa ndizi hugawanyika katika matana, ambayo wengine huyaita machana. Anayechana karatasi au kitambaa anafuata, au angalau anatafuta, njia ambayo kitu chenyewe kingependa kupasukia. Ukitoka kwenye kundi hili la maana ukatazama kinyume chake, unakutana na tata: nyuzi au nywele zilizosokotana zinatata. Kutoka hapo Kiswahili kimepata utata, tatizo na tatua. Washauri wa sera wanaotumia neno tatizo mara kumi kwa siku wanazungumza, bila kukusudia, lugha ya msusi.

Inafaa pia kugusia kile ambacho hakikutokea. Vifaa vingi vya kujipambia katika nyumba ya Mswahili vina majina ya Kiarabu: mkasi, sabuni, marashi, hina. Kiarabu kina neno lake la kitana, mushṭ, na wafanyabiashara waliolitumia waliishi pwani kwa karne nyingi. Neno hilo halikukiondoa kitana wala chanuo. Mkasi ulikuja na chombo kipya. Kuchana kulikuwako, mikononi mwa mama na bibi, na palipo na mikono yenye kazi yake neno geni hupata shida kuingia.

Tana na chana

Hadi hapa nimetumia neno kitana bila maelezo, na msomaji makini atakuwa amejiuliza. Ikiwa kitenzi ni chana, kwa nini kifaa kisiwe kichana? Kichana kipo, na husikika katika mazungumzo; lakini neno ambalo kamusi za Kiswahili sanifu zimelipa nafasi ya kwanza ni kitana.

Jibu liko kaskazini mwa pwani. Kimvita na Kiamu vina t ya meno mahali ambapo Kiunguja kina ch. Mombasa na Lamu husema teka kwa cheka, tini kwa chini, mtanga kwa mchanga, na tana kwa chana. Kitana ni neno la kaskazini, na limekaa katika lugha sanifu pamoja na kitenzi cha Unguja bila mtu kuwauliza vipi wanaishi nyumba moja. Tana la ndizi nalo ni la njia hiyohiyo. Mfano mwingine ni utungu na uchungu: lilikuwa neno moja lenye matamshi mawili, na lugha sanifu ikayachukua yote mawili na kuyagawia kazi, utungu ukawa wa mwanamke anayejifungua na uchungu ukawa wa maumivu mengine na wa ladha ya mwarobaini.

Historia ya kamusi inaeleza kwa nini mchanganyiko huu ulikuwa lazima. Johann Ludwig Krapf, aliyeishi Rabai karibu na Mombasa tangu miaka ya 1840, aliisikia lugha kwa sikio la Kimvita, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Edward Steere aliisikia Unguja, na kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamusi sanifu iliyobeba jina lake ilitoka mwaka 1939, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Kazi ya kamati ilikuwa kupunguza: maumbo mawili yawe moja, tahajia tatu ziwe moja. Katika mambo ya serikali na shule ilifaulu sana.

Lakini haikukigeuza kitana kuwa kichana. Naona hapa kuna jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Maneno ya ofisi yalikuwa na mwenyewe, naye alikuwa kamati. Maneno ya uani yalikuwa na wenyewe pia. Msamiati wa nyumbani una nguvu ya kukaa hata pale sera inapouelekeza kwingine, na kwa sababu hiyohiyo ni mgumu kuupandikiza pale ambapo nyumba haikuupokea.

Kiswahili kilichofika West Nile

Mkataba wa mwaka 1894 uliikodisha ardhi ya Lado, ambayo ilijumuisha sehemu kubwa ya West Nile, kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909, Lado ikarudi chini ya utawala wa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mwaka huo ndipo kituo cha utawala cha Arua kilipoanzishwa chini ya A. E. Weatherhead. Ndani ya miaka 20 wakazi wa eneo hili walipita katika mikono ya tawala tatu, na kila utawala ulikuja na askari wenye lugha yao. Askari wa Leopold katika ukanda wa Uele walitumia Kibangala, ndugu wa Kilingala. Wale waliokuwa wa Emin Pasha, ambao Frederick Lugard aliwachukua katika utumishi wa Waingereza mwaka 1891, walizungumza Kiarabu chao, ambacho leo tunakiita Kinubi na ambacho bado ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi za Arua na kwingineko Uganda. Kisha kikaja Kiswahili cha King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na lililoajiri vijana wengi wa West Nile.

Tuyatazame maneno ambayo kambi ilihitaji. Amri, vyeo, vyakula vya mgao, silaha, adhabu, mishahara, safari. Kwa upande wa nywele, kurutu alihitaji kitenzi kimoja tu, nacho ni nyoa. Kuchana hakukuwa na nafasi katika gwaride. Vijana waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Busoga na Buganda walirudi na maneno ya jembe, zamu na posho. Lugha iliyorudi Koboko katika mabegi ya wanaume hawa ilikuwa Kiswahili halali, na sikubaliani na wanaoiita mbovu. Ilikuwa lugha kamili ya sehemu moja ya maisha. Sehemu nyingine haikuwa na mbebaji, kwa sababu wanawake wa pwani ambao wangeweza kuileta hawakuajiriwa na jeshi.

Shule ingeweza kulijaza pengo hilo. Gavana William Gowers alipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929, na hakuwa peke yake. Mapema miaka ya 1950 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha za kufundishia, na Kilugbara kikawa miongoni mwa lugha za wenyeji zilizotambuliwa. Uamuzi huo ulikuwa na haki yake kwa Kilugbara. Lakini ulikiacha Kiswahili kwa jeshi na polisi, na kwa mwanamke wa Ludara aliyekuwa mtoto wakati ule, Kiswahili kikabaki sauti inayotoka kwa mtu mwenye sare.

Kisha akaja Idi Amin, aliyejiunga na King's African Rifles mwaka 1946 na ambaye ukoo wake ni wa Koboko. Mwaka 1973 serikali yake ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, baada ya wawakilishi wa wilaya kuulizwa na wilaya 12 kuunga mkono Kiswahili dhidi ya 8 zilizounga mkono Kiganda. Ni serikali hiyohiyo iliyopiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na baadaye nywele za bandia. Nayataja mambo haya pamoja kwa makusudi. Utawala ulikuwa na la kusema juu ya kichwa cha mwanamke, na ulilisema kwa amri. Haikuwa Uganda peke yake: Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangulia Dar es Salaam na Operesheni Vijana, iliyotangazwa Oktoba 1968 na kuanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi na mawigi. Katika nchi zote mbili nywele ziliingia katika hotuba za siasa. Tofauti ni kwamba Tanzania ilikuwa na mamilioni ya nyumba ambamo Kiswahili kilikuwa pia lugha ya kumbembeleza mtoto anayelia akichanwa. West Nile haikuwa nazo.

Amin alipoanguka Aprili 1979, jeshi la Tanzania, lililozungumza Kiswahili cha nyumbani na cha kambini pia, lilifika hadi mpakani Koboko katikati ya mwaka huo. Kilichofuata baada ya hapo, chini ya jeshi jipya la Uganda, kiliwafukuza watu wengi wa West Nile hadi Sudan na Zaire, na wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1980. Waliokuwa Sudan walijifunza Kiarabu cha Juba. Waliokuwa Zaire walijifunza Kibangala na Kilingala, katika masoko na katika nyumba za wenyeji waliowapokea. Hapa ndipo historia inapogeuka. Uhamishoni walikuwako wanawake na watoto, si askari peke yao, na lugha walizozipata huko walizipata pamoja na vyungu, visima na vitana. Ndiyo maana leo si ajabu kumkuta mtu wa Koboko anayejua kusanola ilhali chana ni neno la kitabuni kwake. Amepata neno la Kibantu la kazi hii, ndugu wa chanua kwa damu, kwa njia ambayo hakuna wizara iliyoipanga.

Chana darasani

Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka huohuo Koboko ikawa wilaya kamili. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliweka Kiswahili katika masomo ya lazima ya madarasa mawili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwenye karatasi, mwanafunzi wa Masaka na mwanafunzi wa Ludara sasa wako mahali pamoja.

Hawako mahali pamoja. Mwanafunzi wa Masaka akikutana na chana ana sanirira nyumbani kwake. Akikutana na cheka ana seka. Mwalimu mwerevu anaweza kumwonyesha mlango mmoja naye akafungua kumi. Mwanafunzi Mkakwa hana mlango huo. Kwake chana, cheka na chini ni maneno matatu yasiyohusiana na chochote anachokijua, na upatanisho wa ngeli unaofuata nyuma yake (kitana changu, vitana vyangu) ni mzigo wa pili. Vitabu vinavyotegemea ujamaa wa Kibantu kama njia ya mkato vinamwacha nyuma bila kumwambia. Mimi mwenyewe niliwahi kufundisha kwa njia hiyo ya mkato kwa miaka kadhaa kabla sijatambua kwamba nusu ya darasa ilikuwa ikinakili tu.

Wapo watakaosema kwamba kitenzi cha kuchana nywele ni jambo dogo mno kwa mshauri wa sera. Nawaomba wahesabu. Lugha ikifundishwa kwa ajili ya biashara ya mpakani, ulinzi na mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, itafundishwa kwa msamiati wa biashara, ulinzi na mikutano, na kwa mwanamke wa Ludara hicho kitakuwa Kiswahili cha kambini kilichovaa tai. Mjukuu wake atafaulu mtihani kwa maneno ambayo hayawezi kutumika uani.

Kuna mfano wa mbali unaosaidia. Kaskazini mwa California, kando ya Mto Klamath, wanaishi Wayurok. Lugha yao ilianza kukusanywa kwa kina na Alfred Kroeber mwanzoni mwa karne ya 20. Edward Sapir alidai mwaka 1913 kwamba ina undugu na lugha za Kialgonkini zilizoko mbali sana mashariki, na R. H. Robins aliichapishia sarufi mwaka 1958. Archie Thompson, aliyehesabiwa kuwa wa mwisho kati ya waliokua nayo kama lugha ya kwanza, alifariki mwaka 2013. Tangu kabla ya hapo kabila lenyewe na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wakijenga kamusi ambayo maneno yake yameunganishwa na sentensi na sauti za wazee, na lugha hiyo inafundishwa katika baadhi ya shule za eneo hilo. Kamusi ya namna hiyo haimpi mwanafunzi kitenzi kikavu. Inampa kitenzi jinsi mtu fulani alivyokisema akizungumza juu ya maisha yake.

Hali ya Kikakwa na hali ya Kiyurok hazilingani. Kikakwa kina wasemaji katika nchi tatu na watoto wanakikulia. Ninachokichukua kutoka Klamath ni utaratibu wa kazi: kuanza na kinachofanyika nyumbani na kukirekodi kwa sauti ya anayekifanya. Kwa West Nile, hii ingekuwa faharasa ya lugha tatu au nne, Kikakwa au Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili, iliyopangwa kwa shughuli badala ya alfabeti. Chini ya kichwa cha nywele zingekaa chana, suka, fumua, songa, nyoa, paka mafuta, pamoja na kitana na chanuo, kila kimoja na sentensi iliyosemwa na mtu wa hapa. Kilingala kikiwekwa kando ya Kiswahili, sanola na chanua zitakutana kwenye ukurasa mmoja, na mtoto ambaye familia yake ilirudi kutoka Zaire atagundua kwamba tayari anayo nusu ya neno. Makazi ya wakimbizi ya Lobule, jirani na Ludara, ambako wengi wametoka Kongo, yana watu wanaoweza kuifanya kazi hiyo leo.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar ina uwezo wa kuratibu kazi kama hiyo, na Zanzibar ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ni Unguja iliyoipa lugha sanifu kitenzi chana huku ikikubali kitana cha wenzao wa kaskazini. Ningependa pia watunga kamusi wasiharakishe kuyakataa matumizi ambayo vijana wanayaongeza. Tanzania mwanamuziki huchana mistari, na anayemwambia mwenzake ukweli bila kificho amemchana. Nairobi, aliyezinduka amechanuka. Vyote vinatoka kwenye maana ileile ya kutenganisha kilichosokotana.

Nilirudi kwa bibi wa Ludara siku iliyofuata, baada ya masomo. Mjukuu alikuwa ameandika katika daftari lake sentensi kuhusu bibi yake, na ilikuwa na kosa moja la ngeli. Alimsomea, akatafsiri kwa Kikakwa. Bibi akamtaka arudie lile neno la katikati. Akalirudia: ananichana. Bibi akalijaribu mara mbili, kisha akamwita akae, maana upande wa kushoto ulikuwa bado.